Kabla hujabeba jembe kwenda bondeni

MASWALI YA WASOMAJI

Shikamoo Bibi. Nina miaka 31, naishi Tabora mjini, nina mke na watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine mitatu. Nimechoka kupanga chumba na kuhangaikia vibarua. Nimeonyeshwa ekari 20 kwenye bonde moja upande wa Kaliua. Ni pori tupu, halina mtu, na kuna kijito ambacho wanasema hakikauki. Mwenyekiti wa kitongoji amenionyesha mipaka nami nimempa shilingi laki tano. Nataka tuhamie Novemba mvua zikianza, nilime tumbaku ekari tatu ili nipate pesa ya kujengea. Nyumba nitaiweka karibu na kijito, maji yawe jirani. Nimesoma humu kwamba wewe ulikulia porini. Nianzie wapi, na nibebe nini?

Baba wa watoto wawili, Tabora

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale ulipoandika kwamba bonde halina mtu. Nianzie hapo.

Sisi tulihamia bondeni Juni 1968, kusini mwa Urambo, mwendo wa siku nzima kutoka barabarani. Nilikuwa na miaka tisa. Baba na baba mdogo walitangulia mwezi wa tano, wakasimamisha kibanda cha nyasi, halafu wakaja kutuchukua. Baba naye aliamini pale hapana mtu. Siku ya kwanza jioni, tukiwa tumekaa kwenye mizigo, tukasikia ng'ambo ya kijito mtu anatwanga. Du, du, du, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka na amezoea mahali pake. Walikuwa wazee wawili, mume na mke, warina asali. Mizinga yao ya magome ilikuwa juu ya miyombo pande zote, hata kwenye miti ambayo baba alikuwa ameshaitia alama ya kuikata.

Baba hakwenda kuwaamkia. Alikuwa na haraka ya kufyeka. Mama ndiye aliyekwenda, siku ya tatu, na kuku mmoja mkononi. Alirudi jioni na kibuyu cha asali, na akarudi na yule mzee. Mzee akamkuta baba anachimbia nguzo za nyumba kama hatua ishirini hivi kutoka kijitoni, pale pale ambapo wewe unataka kuweka yako. Hakusema neno. Alimshika baba mkono, akamsogeza chini ya mti mmoja, akamwonyesha panda ya tawi. Kwenye panda ile palikuwa na fungu la matete makavu na takataka zilizosukwa kama kiota. Si kiota, ni maji yaliyoyaleta. Lile fungu lilikuwa juu ya kichwa cha baba, na baba alikuwa mtu mrefu.

Nguzo ziling'olewa siku ileile. Nyumba yetu ikajengwa juu, mlimani kidogo, na maji tukayafuata kwa miguu.

Kwa hiyo, kabla ya jembe, nenda na kuku. Tafuta nani anarina asali pale, nani anachunga, nani anavua, nani anakuja kuchimba dawa kila kiangazi. Mtu akiwa na mizinga thelathini kwenye miti ya eneo hilo, pori hilo analo, hata kama hana nyumba hapo. Yeye ndiye atakayekwambia kijito kinafika wapi mwezi wa tatu, na kama ni kweli hakikauki mwezi wa kumi. Na hata ukiambiwa, nenda Oktoba ukakitazame kwa macho yako.

Sasa hiyo laki tano. Imenipa wasiwasi, nakwambia kama mzazi. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kugawa ardhi peke yake. Ardhi ya kijiji iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na ugawaji unapitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inavyotaka. Nenda ofisi ya kijiji, muone mtendaji, omba kuona muhtasari wa kikao ulimotajwa. Kama jina lako halimo, huna shamba bado, una mtu aliyekula pesa yako. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na bonde hilo limepangiwa nini. Mkoa wetu una misitu ya hifadhi kila upande, na sehemu ya lile pori la akiba la Ugalla ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Watu wamelima, wamejenga, wamezika wazee wao, kisha wakaambiwa walikuwa ndani ya vigingi. Nimewaona wamekaa kando ya barabara na magodoro yao, na sitaki kukuona wewe hapo.

Na kuhusu nyumba ya kijitoni, mbali na mafuriko, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima hatua themanini ndefu, ndipo uanze kufikiria nguzo.

Mambo yakinyooka kijijini, omba hati ya hakimiliki ya kimila, na muandikwe majina mawili, lako na la mkeo. Hapa nisimame tena. Umeniandikia habari za ekari, tumbaku, kijito na mwenyekiti. Mkeo umemtaja mara moja tu, pale ulipohesabu familia. Yeye anasemaje? Atatwanga wapi, atajifungulia wapi akipata mimba nyingine, mtoto wa miaka sita atasoma wapi? Umeshampeleka akaona? Swali la nianzie wapi, jibu lake la kwanza ni kitandani kwako usiku, mkiongea mpaka muelewane.

Nije kwenye kuhama. Novemba ni mwezi mbaya kuliko yote. Mvua zikianza, nyasi za kuezekea zimekwisha kuungua au kuoza, udongo wa kukandikia hauwezi kukauka, na ndio wakati wa kupanda. Huwezi kujenga na kupanda kwa mikono miwili. Nenda wewe kwanza mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa ndefu na kavu. Kata fito, ezeka, kandika, chimba kisima na choo. Familia ije nyumba ikiwa imekauka.

Kisima tafutie mkuyu. Sisi tulichimba chini ya mteremko palipokuwa na mkuyu mkubwa, na baba alipofika urefu wa watu wawili udongo ukaanza kuwa mzito na baridi. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kwa sababu ya mfinyanzi. Mama aliyaacha mtungini usiku kucha, asubuhi akayamimina polepole na kuacha tope chini. Tulikunywa hivyo karibu mwezi mzima kabla kisima hakijatulia. Wewe chemsha, siku hizi tunajua zaidi.

Chakula kihesabu kabla hujahesabu pesa. Mtu mzima nusu kilo ya unga kwa siku, mtoto robo. Ninyi wanne mnakula kilo moja na nusu, kwa mwezi kilo 45. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mahindi yako yatakapokauka, ni miezi sita, kilo 270. Hizo ni karibu gunia tatu za kilo mia, na ziwe ndani ya nyumba kabla mvua ya kwanza haijaanguka, kwa sababu ikishaanguka njia ya mbugani haipitiki na bei inapanda. Miezi ya njaa kwetu ni Januari na Februari. Shamba limestawi, la kijani, linapendeza, na hakuna cha kutia chunguni isipokuwa uyoga na mlenda.

Tumbaku mwaka wa kwanza usiiguse. Siipigi vita, imesomesha watoto wengi Urambo na Kaliua. Lakini angalia kalenda yake. Kitalu kinamwagwa Agosti au Septemba na kinataka kumwagiliwa kila siku, wewe bado hujamaliza choo. Miche inahamishiwa shambani mvua zikianza, siku zilezile za kupanda mahindi. Kisha bani la kukaushia, na kuni zake, na mkopo wa pembejeo unaokusubiri kwenye mauzo. Mtu anayelima tumbaku ananunua mahindi. Mwaka wa kwanza hutakuwa na cha kununulia.

Lima ekari mbili. Najua una ishirini, lakini mume na mke kwa jembe la mkono, wakiwa na watoto wadogo, palizi ya ekari mbili inawatosha kabisa. Mvua ya kwanza tu, chomeka mihogo, hata kabla ya mahindi. Haitakulisha mwaka huo, itakulisha mwaka wa pili, nayo inakusubiri ardhini bila kudai ghala. Halafu mahindi na karanga, na matuta machache ya viazi vitamu. Viazi vikizidi, mkeo avikate michembe, avianike juu ya mwamba. Huko mbugani panapotuama maji, mwaka wa pili au wa tatu, mtachimba majaruba ya mpunga.

Babu yangu alifanya kazi Urambo kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 pamoja na Kongwa na Nachingwea, ukafungwa 1951. Alituhadithia walivyoleta matrekta kwanza, habari za mvua na udongo wakaja kuziuliza baadaye. Baba alilikumbuka hilo kila alipotaka kufyeka zaidi ya nguvu zetu.

Umeuliza ubebe nini. Shoka mbili, moja ikivunjika mpini uwe na nyingine. Majembe, panga, tupa ya kunolea. Vyandarua, tena vipya. Kitambaa cha bluu na nguo nyeusi acha mjini, mbung'o wanazifuata hizo rangi. Na mbegu. Mama alibeba mbegu zake kwenye vibuyu vitatu, amezichanganya na majivu na kuziba mdomo kwa nta. Vibuyu vikaning'inizwa juu ya jiko, vikawa vyeusi kwa moshi. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvigusa, hata baba, hata siku tulizolala na uji mwepesi.

Hivyo vibuyu ndivyo vilivyotuokoa, na hili naliandika polepole kwa sababu bado linaniuma. Agosti 1969, kiangazi chetu cha pili, moto wa pori ulikuja mchana na upepo wa mashariki. Tulikuwa tumevuna vizuri. Kihenge kilikuwa kimejaa karanga upande mmoja na mahindi upande mwingine. Baba alikuwa amekwatua kuzunguka nyumba, lakini kihenge kilikuwa pembeni na nyasi zilikuwa zimebaki nyuma yake, upana wa mkeka tu. Moto ulipitia hapo. Tulimwaga maji ya kisima kwa vibuyu na sufuria moja, tukaokoa nyumba. Kihenge kiliungua usiku kucha. Siku mbili nzima bonde lilinukia karanga za kukaanga, harufu nzuri kabisa, na sisi watoto tumekaa na njaa tunainusa. Mpaka leo, muuza karanga akipita na kikaango chake, naona kile kihenge.

Wale wazee wa ng'ambo walikuja kesho yake na madebe mawili ya makopa ya mihogo. Walikuwa wao wawili tu na shamba dogo, sijui walijinyima kiasi gani.

Basi mwanangu, ikifika Juni kwatua mkanda wa hatua kumi kuzunguka nyumba, na mwingine kuzunguka kihenge, usiache hata upana wa mkeka.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kigoma. Nimesoma kwamba zamani Marekani watu walikuwa wanapewa ardhi bure wakahamie na kulima. Je, ni kweli? Na waliwezaje kujenga sehemu zisizo na miti?

Mwanafunzi, Kigoma

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Sheria ya kugawa ardhi hiyo ilisainiwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Mkuu wa familia aliweza kuomba ekari 160, akalipa ada ndogo, akatakiwa kuishi hapo miaka mitano, kujenga na kulima, ndipo apewe hati. Wengi walishindwa kabla miaka haijaisha, kwa ukame, nzige, au upweke.

Kwenye nyika zisizo na miti walijenga kwa ardhi yenyewe. Walipasua majani pamoja na mizizi na udongo wake kwa plau, wakayakata vipande kama matofali makubwa, wakavipanga upande wa majani ukiwa chini. Kuta zilikuwa nene, ndani baridi wakati wa joto na vuguvugu wakati wa theluji, ila mvua ikinyesha paa lilidondosha tope kwenye chakula. Bibi yako amelala kwenye tembe la udongo la Kinyamwezi, kwa hiyo hilo la tope kwenye chakula nalielewa sana. Kuni nazo hazikuwepo, walichoma samadi kavu ya nyati na ng'ombe.

Lakini ukiandika insha yako, usiishie hapo. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya mataifa ya wenyeji waliowinda na kulima humo vizazi vingi, nao waliondolewa kwa mikataba iliyovunjwa na kwa bunduki. Mwalimu wako akikuuliza bure ilikuwa bure kwa nani, uwe na jibu.

*

Shikamoo mama. Naishi Kigoma mjini na nauza dagaa sokoni. Mume wangu amepata shamba bonde la Malagarasi, ndani ndani kutoka stesheni ya Nguruka, ameshajenga. Ananitaka niende. Chakula kipo, sikatai. Ninachoogopa ni ule ukimya. Mimi nimezoea watu. Nikimwambia anasema nitazoea. Je, nitazoea?

Mama wa mmoja, Kigoma

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umelitaja kwa jina lake, ukimya. Wengi wanasema wanaogopa nyoka.

Nitakwambia nilichokiona kwa mama yangu. Miezi ya kwanza alikuwa anakwenda kisimani mara tano kwa siku na mtungi ambao haujakwisha. Nilidhani anapenda maji safi. Nilipokuwa mkubwa aliniambia kwamba pale kisimani, upepo ukiwa mzuri, aliweza kusikia yule bibi wa ng'ambo akiongea na kuku wake. Basi alikuwa anakwenda kusikia mtu akiongea.

Baadaye wakapata namna yao. Jioni mama akianza kutwanga, yule bibi naye ananyanyua mchi wake. Mama akisimama, naye anasimama. Hawakupanga, ilianza yenyewe. Siku moja jioni mama alitwanga, ng'ambo kimya. Akatwanga tena. Akaweka mchi chini, akafunga kanga, akavuka kijito usiku ule na kijinga cha moto mkononi. Akamkuta bibi ana homa kali, mzee wake amelala kambi ya asali. Alikaa naye siku nne.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, shule jirani, zahanati jirani. Mimi nilifurahi mno, nilisoma kwa sababu ya kijiji kile. Wale wazee walipelekwa kijiji kingine. Mama alizungukwa na watu pande zote, na bado nilimwona jioni akitwanga anasimama katikati, anatega sikio upande lilikokuwa bonde.

Kwa hiyo kama utazoea, sijui kukujibu ndiyo au hapana, ila najua ni kitu gani kinazoeleka. Pori linazoeleka ukiwa na mwanamke mmoja wa kumsikia. Mmoja anatosha, lakini awepo. Mumeo anapokwambia utazoea, muulize jirani wa karibu ni nani, ana mke, ni mwendo wa dakika ngapi, na mtandao wa simu unashika wapi. Kama hajui, hajakujengea bado.

Usihame moja kwa moja. Meza yako ya dagaa mwachie ndugu, usiiuze. Panda treni ya Nguruka mwezi wa saba, njia zikiwa kavu, beba mtoto na dagaa za kutosha kugawa, ukalale huko usiku saba. Siku ya pili nenda kwa jirani bila mumeo. Usiku wa saba, kabla hujafunga mizigo, kaa nje jioni usikilize. Kisha uniandikie umesikia nini, nitakujibu.